Juri la Biriani

Biriani ya harusi ya Aya ilichacha, hilo halina ubishi. Paka wa Hail, mtaa wa wenye nacho, wanakula vizuri kuliko walimu, na hata wao waliinusa wakaondoka wameudhika. Ubishi ulikuwa ni nani aliyeichachisha.

Kwa Bashayer, mama yake Aya, hapakuwa na ubishi. Asubuhi yake, bi harusi hata hajaamka, alirekodi ujumbe wa sauti akautia kwenye kundi letu la simu. Kundi hilo lina wanawake wote wa Maskati wanaozungumza Kiswahili: wa Unguja, wa Pemba, wa Bujumbura, wa Kigoma, wa Mombasa, na Mbulushi mmoja aliyejifunza Kiswahili kwa kugombana na wakwe zake.

"Jamani, nasema mbele ya Mungu," alisema Bashayer, na sauti yake ilitoka kama ya mwadhini, "Balqees asipewe tena sufuria. Katutia aibu. Atakayempa harusi yake, mimi asinialike."

Balqees ni mpishi. Hana wizara wala pensheni. Ana madeg yake, yale masufuria makubwa ya harusi, gari la kubebea, na jina lake. Harusi zetu za miezi ya baridi ndizo zinazomlisha mpaka baridi nyingine. Kwao ni watu wa Bara. Mama yake kazaliwa Bujumbura na baba yake Kigoma. Ni Waarabu wa Oman kama sisi, ila sisi tuliotoka Unguja tuna ugonjwa wa kusema "mtu wa Bara" kwa ile sauti ya kumwambia mwenzio ana kiraka nyuma ya suruali.

Kabla ya adhuhuri, maharusi walianza kumkimbia. Jioni akaja kwangu Darsait. Nakaa juu ya fundi wa tairi, kwa hiyo nimezoea kusikia vitu vikipasuka, lakini Balqees alipasuka vingine.

"Bi Nawar, nataka nihukumiwe!"

"Wenzio wanaikimbia hukumu, wewe unaifuata?"

"Nimeshahukumiwa. Nataka nisikilizwe. Chakula kilikuwa tayari. Kila nikikitoa, mhudumu ananirudishia neno: madam kasema dakika tano. Madam yupi? Madam wa njano. Basi nikasubiri. Bashayer anasema hakuna aliyenizuia, nilichelewa mwenyewe."

"Sasa twende kwa kadhi tukamwambie nini? Ya sheikh, biriani?"

Akacheka, huku machozi yako pale pale. Nikampigia simu Bashayer. Mimi na yeye tumekua pamoja. Yeye akapanda mpaka wizarani Maskati. Mimi nikapanda nikashuka: waume wawili na duka moja la mabuibui, vyote vimekwenda zake, na ninalolikumbuka ni duka. Nikamwambia, shoga, umemkata mtu mkono kwa simu, msikilize angalau. Alikataa, akakataa tena, halafu kaka yake Humam akaingilia kati.

Humam ni wakili mstaafu. Alisoma Uingereza akarudi na shahada na tabia ya kunywa chai isiyo na tangawizi. Jambo lile lilimfurahisha kama mtoto aliyepewa baiskeli. Kwetu hapa hukumu anatoa kadhi, khalas. Huko, alituambia, wanachukuliwa watu wa mtaani tu, muuza samaki, mwalimu, dereva, wanakalishwa kitako, wanasikiliza, wanaamua. Wanaitwa juri.

"Mtu anahukumiwa na watu kama yeye," alisema.

"Na mwizi?" akauliza Wadha, wifi yake Bashayer.

"Na mwizi pia."

"Anahukumiwa na wezi wenzake? Ndiyo maana wamekuja mpaka huku kwetu."

Basi Jumamosi alasiri tukakusanyika Hail, kwenye majlisi ya Bashayer, wanawake wote waliokuwa ukumbini siku ile, au karibu wote. Wenye nyumba na jamaa zao walikaa kwenye makochi. Watu wa Bara walikaa kwenye zulia karibu na mlango. Hakuna aliyewapanga, walijipanga wenyewe, na hilo ndilo baya zaidi. Balqees alikaa peke yake kwenye kiti cha plastiki kilicholetwa kutoka uani, kama mgonjwa anayengoja sindano.

"Juri watakuwa saba," alitangaza Humam. "Na tutawapata kwa kura, ili asiseme mtu kwamba ameonewa."

Bashayer akaleta kawa, lile la ukili la kufunikia chakula, akaligeuza juu chini. "Wenye sare watoe pete."

Harusini kwetu watu wa bi harusi huchagua kitambaa kimoja, na atakayenunua hushona akavaa; ndiyo sare. Ya Aya ilikuwa rangi ya kiini cha yai. Mimi kwa mwili wangu ningeonekana kama tangi la maji, nikaikataa, na kwa adhabu yangu nikahamishiwa meza za karibu na mlango wa jiko, pamoja na watu wa Bara.

Wenye sare wakavua pete, zikatumbukizwa kwenye kawa. Humam akafumba macho akatoa saba, na kila iliyotoka ikashangiliwa na mwenyewe. Nikawatazama waliotoka: Wadha, wifi yake Bashayer. Binti wa shangazi yake Bashayer. Binti mwingine wa shangazi huyo huyo. Khalati yake, yaani mdogo wa mama yake. Mke wa kaka yake. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Na mwanamke mmoja nisiyemjua, ambaye alipoulizwa akasema yeye ni mkwe wa yule khalati.

"Mashallah," nikasema. "Hii juri au picha ya familia?"

"Nawar, usianze," akasema Bashayer.

"Sijaanza. Nauliza tu, nani atapiga, tutabasamu wapi?"

"Kura ni kura! Humam kafumba macho, umemwona."

"Nimemwona. Hata angefumbwa kwa kitambaa cha sare. Ukitia mkono kwenye chungu cha bamia, fumba macho, fumbua, utatoa bamia."

Kwenye zulia mtu akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Balqees alikuwa anatazama mikono yake.

"Sare ilikuwa ya kila mtu," akasema Wadha. "Aliyetaka alinunua."

Hapo Bakhita akanyanyua uso. Bakhita ni mwalimu mstaafu wa hisabati, naye kwao Bujumbura, mwanamke ambaye hata salamu yake inaonekana kama anaisahihisha. "Sisi tuliambiwa kitambaa kimekwisha," alisema. "Tulipoambiwa kipo, kilikuwa kimekwisha. Sijui hesabu hiyo mnaifanyaje."

Bashayer akamgeukia kaka yake. Humam akajikuna kidevu.

"Kwa haki ya Mungu," akasema, "hata huko Uingereza wangepinga. Kura haitoshi. Kwanza wanauliza, hao waliomo kwenye kura wametoka wapi."

"Wewe uko upande gani?" akafoka dada yake.

"Upande wa chai. Nileteeni."

Haya. Tukakubaliana kura irudiwe, na watu wa Bara wawemo. Nikadhani tumemaliza. Ole wangu.

"Wawemo wangapi?" akauliza mmoja wa kwenye kochi. "Wawili watosha."

"Wawili kwa nini?" likajibu zulia. "Tulikuwa nusu ya ukumbi!"

"Na sisi Wapemba?" akadakia mwingine. "Kila siku mnatuhesabu Unguja pale mnapotaka wingi, kwenye sahani mnatusahau."

"Watu wa Kigoma wapate wao," akasema mwanamke aliyekaa nyuma ya Bakhita. "Mimi simtaki mtu wa Bujumbura aniwakilishe. Tunajuana."

"Unajua nini?" akauliza Bakhita bila kugeuka.

"Mombasa mmoja!"

"Mbulushi mmoja!" akasema Mbulushi. "Na mimi nilikula, niliumwa tumbo kwa Kibulushi!"

Humam alikuwa anahesabu kwa vidole. Akavimaliza vya mikono, akaangalia miguu. Juri lilishafika watu kumi na tisa, na kwa mwendo ule asingebaki wa kusikiliza kesi isipokuwa kiyoyozi. Halafu mjukuu wa khalati akauliza taratibu, "Na mimi je? Baba Mpemba, mama wa Bujumbura, bibi wa Mombasa. Nikae wapi?"

"Kaa katikati, mwanangu," nikamwambia. "Wewe ndiye juri peke yako."

Wakaadhini magharibi, alhamdulillahi. Tukasali, tukaletewa mandazi na kahawa, na kwa kuwa mandazi hayana kabila, watu wakala wamechanganyika. Balqees hakula. Alinifuata kwenye korido.

"Wanacheza," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kwao mchezo. Mimi Ijumaa nilikuwa na harusi Mabela, imekwenda. Ya wiki ya pili imekwenda. Baada ya mwezi nauza gari."

"Unataka nini?"

"Nimpate mmoja tu wangu mle ndani. Bakhita. Waambie Bakhita awekwe bila kura."

Nilitaka kumkubalia. Lakini nikafikiri: tukimweka Bakhita kwa kuwa ni wake, na wao watamweka Wadha kwa kuwa ni wao, na tutakuwa tunapimana misuli, hakuna atakayesikiliza neno. Nikamwambia, "Acha tutie pete zote. Chungu kiwe kikubwa, mengine tumwachie Mungu."

"Na Mungu akitoa bamia?"

"Basi utakuwa umekula bamia ya halali."

Akanitazama kama anayetaka kunipiga kwa deg. Lakini akakubali. Nilirudi majlisini nikasema: kila mwanamke aliyeingia ukumbini, mwenye sare na asiye nayo, wa kochi na wa zulia, atoe pete, asihesabiwe mtu kwao wapi. Humam akainua kidole.

"Shahidi hawezi kuwa juri. Wewe Nawar ulikuwa meza za jikoni, lazima uliona kitu."

"Niliona mkono," nikajibu. "Mlango ulifunguka, deg likachungulia, ukatokea mkono wa njano ukalisimamisha. Mkono wa nani? Sare ndiyo hasara yake, mkono ule ulikuwa wa wote. Sasa kama mimi nisiye nayo ni shahidi, wenye sare wote ni washitakiwa. Atakayebaki ni nani? Tuagize Mswidi?"

Humam akashusha kidole. Pete zikajaa kawa mpaka zikalia. Akafumba macho. Safari hii walitoka wanne wa sare, wakiwemo binti mmoja wa shangazi na Wadha tena, maana pete yake ina jiwe kubwa inamdaka mtu mkono. Akatoka Mbulushi. Nikatoka mimi. Na ya mwisho ilikuwa pete nyembamba ya fedha, ya Bakhita.

Balqees aliziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa anacheka. "Wetu," alininong'oneza nilipompita. Nami nikamwambia asubiri kwanza, kwa sababu nimeshawahi kuolewa na watu wa kwetu.

Tulifungiwa chumbani kwa Aya, kwenye kitanda chake cha ujana, katikati ya zawadi za harusi ambazo hazijafunguliwa. Humam alituambia kupitia mlangoni: lazima mkubaliane wote saba. Halafu akasogea, lakini si mbali. Vivuli vya miguu yake tuliviona chini ya mlango.

Wenye sare wakaanza kusema kwa mkupuo. Hakuna aliyezuia chakula, mpishi alichelewa, khalas, mandazi yanapoa.

"Mlikuwa mnatazama wapi?" nikawauliza.

"Jukwaani. Tunapigwa picha na bi harusi."

"Mgongo kwa jiko."

"Ee, sasa tupigwe picha ya visogo?"

"Mimi nilikuwa natazama jiko," nikasema. "Nilikuwa na njaa. Mlango ulifunguka, ukafungwa. Ukafunguka, ukafungwa."

"Mimi pia," akasema Mbulushi. "Nilianza kula maua ya mezani."

"Na mimi," akasema Bakhita. "Mkono wa njano. Bangili nyingi."

Hatukuwa tumepanga kumtazama mtu. Lakini sisi watatu tuliokaa meza zile tulijikuta tunatazama mikono iliyokuwepo kitandani, mmoja baada ya mmoja, na mikono ikaanza kuona haya. Wadha akaiingiza yake chini ya mto. Bangili zikalia.

"Lo, nyie watu!" akasema. "Haya, mimi! Mnanitazama nini? Bashayer alinituma. Kaniambia, wifi yangu, mpiga picha analipwa kwa saa, chakula kitakaa tu, hakina miguu. Nikaenda. Nikamwambia mhudumu, dakika tano. Kila nikirudi jukwaani, anaingia mwengine kwenye picha, naambiwa nenda tena."

"Na mle majlisini umenyamaza," akasema yule binti wa shangazi, ameachama.

"Nilinyamaza kwa kuwa ulionekana mkono tu! Ningejuaje hawa wameziona na bangili?" Akaanza kulia, lakini kwa hasira, kama mtu aliyekanyagwa. "Yule ni wifi yangu. Nitamwambia nini?"

Basi ikawa rahisi. Wenye sare watatu wakageuka, mmoja mmoja, maana kila mmoja alikuwa ndiye yule "mwengine" aliyeingia kwenye picha. Wanaume walikula deg hilo hilo baada ya isha wakarudi makwao kulala, hakuna aliyeumwa. Masala ya mtindi yakifungiwa na joto mpaka watu wachoke kutabasamu, yatafanya nini? Hana kosa. Hana kosa. Hana kosa. Tukafika sita.

"Ana kosa," akasema Bakhita.

Nilidhani anatania. Bakhita hatanii.

"Deg ni la mpishi," alisema. "Angelifunua. Angekataa. Mpishi anayengoja kila anapoambiwa ngoja ni mtumishi. Ana kosa."

"Bi Bakhita, huyu ni wenu!" akasema Wadha, machozi hayajamkauka.

"Ndiyo maana!" Kwa mara ya kwanza sauti ilimpanda. "Wewe ukichachisha biriani, imechacha ya Wadha. Balqees akichachisha, imechacha ya watu wa Bara wote. Mie sijapika kitu, lakini tangu siku ile nikipita sokoni Sib naulizwa, ee, nyie mnapika kwa mtindi gani? Alikuwa anajua hayo. Alitakiwa awe makini mara mbili yenu."

Hapo hata mimi nilikosa mzaha, na hilo kwangu ni ugonjwa. Nikatafuta, nikaokota mmoja.

"Basi mtie hatiani, mwalimu. Lakini sema vizuri kosa lake. Kosa ni kupika, au ni kuzaliwa?"

Bakhita akaonyesha mlango. "Mleteni," akasema.

Humam alifungua mlango kabla hatujagonga. Balqees akaingia, akasimama baina ya masanduku ya zawadi, na alipomwona Bakhita akatabasamu. Bakhita hakutabasamu.

"Kwa nini hukufunua deg?"

"Niliambiwa dakika tano. Ningefunua wali ungepoa, mngesema Balqees kawalisha maharusi kiporo."

"Na mara ya pili?"

"Tano nyingine."

"Ungekataa. Ungetoka na deg lako ukawapakulia."

"Mimi?" Tabasamu likamtoka taratibu. "Niingie ukumbini na deg, nimkatie Bashayer picha ya mwanawe? Bi Bakhita, wewe ungeingia? Ulikuwa umekaa pale pale na njaa yako, umeuona mkono. Mbona hukuinuka ukasema, leteni chakula?"

Nje tulisikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani. Bakhita alikuwa anaizungusha pete yake kwenye kidole.

"Sikuinuka," alisema mwishowe, "kwa sababu tulikuwa wageni." Akavuta pumzi. "Hana kosa. Twendeni, magoti yananiuma."

Humam aliisoma hukumu majlisini kwa sauti aliyokuwa ameihifadhi tangu Uingereza. Juri saba, neno moja, mpishi hana kosa. Zulia likapiga vigelegele. Bashayer alimtazama Wadha, Wadha akatazama taa. Bashayer hakuhitaji kuambiwa.

"Haya, mabruk, hongereni," akasema Bashayer, akashika simu yake kama anayetaka kutazama saa. "Imekwisha."

"Bado," akasema Balqees. Alikuwa amesimama, kiti cha plastiki hakitaki tena. "Uliniondoa kwa sauti. Nirudishe kwa sauti."

Bashayer alitugeukia, akitafuta wa kumtetea. Mimi nikaangalia mandazi. Akarekodi. Kilitoka kitu kama mbu ndani ya chupa: "...Balqees... hana... mambo ya picha..."

"Haikusikika," akasema Bakhita.

"Nimesema!"

"Ile ya kwanza niliisikia jikoni kwangu, bomba linatiririka. Rudia."

Akarudia. Safari hii alisema yote, kwamba chakula kilikuwa tayari, kwamba kilizuiwa na wao wenyewe kwa ajili ya picha, kwamba anamwomba Balqees radhi, na sauti ilimkwama kwenye neno radhi, akasimama, akalimaliza. Nampa haki yake: alilimaliza. Simu zote za majlisini zikalia pamoja, tukausikia tena ujumbe huo huo kutoka mikobani mwetu.

Balqees alikaa kwenye kochi. Hakuna aliyemkaribisha, alikaa tu, ubavuni mwa khalati, akachukua andazi akaliuma. Alikuwa bado analitafuna simu yake ilipolia. Akaitazama, akameza haraka, akajipangusa vidole.

"Aleikumu salaam, bibi. Ee, ndiye mie. Darsait? Ijumaa? Nna nafasi, inshallah." Akasikiliza. "Watu mia tatu, naam. Lakini kwanza niambie kitu. Bi harusi anaingia saa ngapi?"

Majlisi nzima ilikuwa inamsikiliza, na Bashayer naye.

"Hapana, bibi," akasema Balqees. "Hiyo ni saa mliyoandika kwenye kadi. Mimi nauliza anaingia saa ngapi."